Vazi la Raqs Sharqi: Je, Ni Vazi la Mwanamke wa Kiislamu?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.T.), aliyewateremshia wanadamu vazi la kuwasitiri na akawafahamisha kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora zaidi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, mara kadhaa baada ya darasa tumeletewa suala linalohusu harusi. Kwenye sherehe za wanawake watupu, baadhi ya mabinti huvaa nguo ya vipande viwili. Kipande cha juu hufunika matiti tu na kimeshonewa shanga na vimetameta. Kipande cha chini ni sketi yenye mshipi wa vishada unaofungwa kwenye nyonga. Tumbo lote huwa wazi. Wakiulizwa, hujibu kwa wepesi: "Hii ni nguo ya Kiarabu." Na wazee wengine huridhika na jibu hilo, kwa sababu kwetu sisi neno Uarabu limekaa karibu mno na neno Uislamu. Upande wa pili, wapo makhatibu ambao wakiona vazi hilo huwashukia wanawake wa Misri na Sham kwa maneno mazito, kana kwamba bibi zao ndio waliolibuni.

Makundi haya mawili yanapingana, lakini yamesimama juu ya dhana moja: kwamba vazi hili ni urithi wa kale wa mwanamke wa nchi za Kiislamu. Sisi tunasema dhana hiyo si sahihi, na kwa kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe, tutaanza na historia kisha tuje kwenye fiqhi.

NENO LILILOANZA NA ELIMU

Hatusemi kwamba katika miji ya Waislamu hapakuwa na wachezaji. Walikuwapo. Majumba ya makhalifa wa Bani Abbas yalikuwa na wajakazi waimbaji na wachezaji, na vitabu vya tarehe vimejaa habari zao. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), ameeleza katika Muqaddima yake chombo cha mchezo kiitwacho kurraj. Ni sanamu za farasi wa mbao waliotandikwa, zinazoning'inizwa kwenye majoho wanayovaa wanawake, nao huigiza mashambulizi ya wapanda farasi. Na Ibn al-Hajj, mwanachuoni wa Kimaliki aliyeishi Cairo na kufariki mwaka 737 Hijria (1336), aliwalaumu wanawake wa zama zake kwa nguo fupi na za kubana. Basi makosa yalikuwapo, na maulamaa hawakunyamaza. Lakini tazama walichokilalamikia: joho lenye farasi wa mbao, na kanzu iliyopunguzwa urefu. Nguo ya vipande viwili yenye tumbo wazi haimo humo.

Sasa tuliangalie neno moja, kwani maneno huhifadhi historia kuliko mawe. Katika Misri, mwanamke mwimbaji aliitwa 'aalima, na wingi wake 'awaalim. Kila mwenye kujua Kiarabu kidogo ataona kwamba neno hili ni tawi la 'ilm, shina lile lile lililotupa sisi maneno elimu, mwalimu na maulamaa. Maana yake ni mwanamke mjuzi. Na Cairo hiyo hiyo ilikuwa na wanawake wajuzi kwa maana kamili ya neno. Imamu as-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 Hijria (1497), alipoandika kamusi yake kubwa ya watu wa karne ya tisa Hijria, alilitenga juzuu zima la mwisho kwa ajili ya wanawake, akawataja zaidi ya elfu moja. Wengi wao walisoma hadithi, wakapewa ijaza, wakasomesha.

Mpaka karne ya 19 neno 'aalima lilikuwa limekwisha hamia kwa waimbaji, lakini bado lilikuwa na heshima yake. Mwingereza Edward Lane aliishi Cairo miaka ya 1820 na 1830, akachapisha mwaka 1836 kitabu kikubwa kuhusu desturi za Wamisri. Anaeleza kwamba 'awaalim waliimba katika nyumba za watu, wakiwa upande wa wanawake, nyuma ya dirisha la vijiti, na wanaume wakisikia sauti bila ya kuwaona. Waliocheza hadharani walikuwa kundi jingine kabisa, waliloitwa ghawazi. Lane mwenyewe anawalaumu Wazungu wenzake kwa kuyachanganya makundi haya. Lawama yake haikufaa kitu. Kwa Kifaransa neno almée likaja kumaanisha mchezaji wa Mashariki anayetikisa kiuno. Hivyo ndivyo neno la elimu lilivyovuka bahari likarudi limevuliwa nguo.

NGUO YA NDANI ILIPOTOLEWA NJE

Je, ghawazi wenyewe walivaa nini? Hapa Lane anatupa ushahidi ambao tunawaomba makhatibu wauzingatie. Anasema mavazi yao yalifanana na yale waliyovaa wanawake wa tabaka la kati wa Misri ndani ya nyumba zao: kanzu ya ndani, juu yake koti la kubana lililoitwa yalak au lile fupi la 'antari, na chini suruali pana iitwayo shintiyan. Vitambaa vilikuwa vya thamani na mapambo yalizidi, lakini hapakuwa na vazi maalumu la uchezaji. Mke wa mfanyabiashara, akiwa sebuleni pake na dada zake na mama mkwe, alivaa mfano wa nguo hizo hizo. Alipotoka alijifunika juu yake.

Basi kosa la ghawazi halikuwa mshono wa nguo. Kosa lilikuwa ni kuitoa nguo ya ndani na kuipeleka barabarani, mbele ya wanaume ajnabi. Mafakihi wetu walilielewa hili tangu zamani, ndiyo maana hawakuuliza tu "nguo gani?", bali waliuliza "mbele ya nani?". Uanamke katika sharia haukufutwa. Umewekewa mlango, na ufunguo akapewa mwanamke mwenyewe. Aya ya 31 ya Suratun Nur haikumkataza mwanamke kuwa na pambo. Imetaja wale anaoweza kulidhihirisha mbele yao, na ikamkataza kupiga miguu chini ili pambo analolificha lijulikane.

KODI, KISHA VIBOKO

Mwaka 1798 (1213 Hijria) jeshi la Napoleon liliingia Misri. Mwanahistoria Abdurrahman al-Jabarti, aliyeyashuhudia kwa macho yake, ameandika kwa uchungu jinsi baadhi ya wanawake walivyoanza kutoka na askari wa Kifaransa wakiwa wameacha stara na kuiga mavazi yao. Wafaransa waliondoka mwaka 1801, na baada yao akashika madaraka Muhammad Ali Pasha.

Serikali ya Pasha iliwatoza kodi wachezaji wa hadharani. Kisha mwezi wa Juni mwaka 1834 (1250 Hijria) ikapiga marufuku kazi yao katika mji wa Cairo. Lane anataja adhabu ya viboko 50 kwa atakayekamatwa mara ya kwanza. Wengi walihamishiwa Misri ya juu, katika miji ya Qena, Esna na Aswan.

Kukataza munkari ni wajibu wa mtawala, na hatumlaumu kwa hilo. Lakini tuangalie namna lilivyofanyika. Jana kodi ya wanawake hawa iliingia hazina, leo migongo yao ikaingia viboko. Matokeo yake Cairo walijitokeza wanaume waliocheza kwa kujifananisha na wanawake, na munkari ukawa mkubwa zaidi. Na watalii wa Kizungu wakapanda majahazi ya Mto Nile kuwafuata wachezaji huko huko walikohamishiwa.

Miongoni mwao alikuwa mwandishi wa Kifaransa Gustave Flaubert, aliyefika Esna mwaka 1850 akakutana na mwanamke aliyejulikana kwa jina la Kuchuk Hanem. Hilo si jina la mtu hata kidogo. Kwa Kituruki ni "bibi mdogo". Flaubert aliandika mengi juu yake, na Ulaya ikasoma. Edward Said, katika kitabu chake kuhusu Umustashriki kilichotoka mwaka 1978, ameonesha kwamba mwanamke huyo hakupata kujieleza kwa ulimi wake. Mgeni, mwanamume na tajiri, ndiye aliyesema yeye ni nani na akasema kupitia kwake mwanamke wa Mashariki ni nani. Huyu alikuwa mwanamke mmoja aliyehamishwa kwa nguvu, anayetafuta chakula, naye akafanywa kielelezo cha akina mama wote wa umma huu.

VAZI LINASHONWA ULAYA NA MAREKANI

Baada ya vitabu yakaja maonesho. Katika maonesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889 ulijengwa mtaa wa bandia ulioitwa Mtaa wa Cairo, na wachezaji wakaletwa. Mwaka 1893 jambo hilo lilirudiwa Chicago, Marekani, katika maonesho ambayo mahudhurio yake yalizidi milioni 27. Hapo ndipo jina la Kifaransa lenye maana ya "mchezo wa tumbo" lilipoenea kwa umma wa Kimarekani. Waarabu hawakuwa na jina hilo. Wao walisema raqs baladi, yaani mchezo wa kienyeji, na baadaye raqs sharqi, mchezo wa Mashariki. Na hili jina la pili nalo lina funzo. Mtu aliye nyumbani kwake hasemi "mchezo wa Mashariki". Husema hivyo anayejitazama kwa macho ya aliye Magharibi.

La ajabu ni kwamba picha zilizopigwa Chicago zinawaonesha wachezaji wakiwa wamevaa shati au kanzu nyepesi inayofunika tumbo, kizibao juu yake, na sketi ndefu yenye mshipi wa vishada. Jina "mchezo wa tumbo" lilitangulia, tumbo lenyewe likiwa bado limefunikwa! Waliolifunua walikuwa watu wengine.

Ndugu msomaji, hapa ndipo panapostahiki kuzingatiwa zaidi kuliko mahali pengine pote. Injili za Mathayo na Marko zinasimulia kwamba binti wa Herodia alicheza mbele ya mfalme, kisha akaomba kichwa cha Nabii Yahya (A.S.). Injili hazikumtaja jina, na hazikusema alivaa nini. Jina Salome limetoka kwa Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza. Mwaka 1893 Oscar Wilde alichapisha tamthilia kwa jina hilo, akaingiza humo mchezo wa shela saba. Mwaka 1905 Richard Strauss akaifanya opera huko Dresden. Mwaka huo huo mwanamke wa Kiholanzi aliyejiita Mata Hari alionekana Paris katika vikombe vya matiti vilivyopambwa vito, akidai anacheza ibada za Mashariki. Mwaka 1906 Maud Allan, mzaliwa wa Kanada aliyekulia Marekani, alicheza "Salome" yake mjini Vienna, na mwaka 1908 akaiteka London. Alivaa vifuniko vya matiti vya shanga na lulu, sketi ya kitambaa cha kuonya chini yake, na tumbo wazi. Hakuwa Mwarabu, na hakuwa Muislamu.

Huyo ndiye babu wa nguo inayoitwa leo "ya Kiarabu". Ni vazi la jukwaani, lililobuniwa kumvisha mwanamke anayeomba kichwa cha Mtume wa Allah! Na Yahya huyo ndiye ambaye Qur'ani, katika Surat Aali Imran aya ya 39, imemsifu kwa ubwana na kujizuia na matamanio. Je, kuna muumini atakayelijua hili kisha akalivisha hilo vazi bibi harusi na kuliita mila?

VAZI LINARUDI CAIRO

Uingereza iliikalia Misri tangu mwaka 1882. Cairo ikajaa maafisa, askari na watalii, na sinema za Marekani zikaingia. Wageni hawa walikuwa wamekwisha kuonyeshwa kwao "mwanamke wa Mashariki" wa bandia, na walipofika walimtaka huyo huyo. Mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Sham, alifungua ukumbi wake Cairo. Mchezo uliokuwa ukichezwa katika duara, watu wakiwa wameketi pande zote, ukapandishwa jukwaani, ukapangiwa safu na ala za kizungu. Watafiti wengi wanaona kwamba ni katika kumbi za zama hizo, miaka ya 1920 na 1930, ndipo nguo ya vipande viwili ilipoenea Misri, kwa kufuata majukwaa na sinema za Magharibi. Hata jina lake linasema kweli: wanaiita badla, neno lile lile Wamisri wanaloitia suti ya kizungu ya mwanamume.

Kisha filamu za Misri zikalichukua vazi hilo zikalisambaza katika kila nchi inayosikia Kiarabu, kupitia wachezaji kama Samia Gamal na Tahia Carioca waliotoka katika ukumbi wa Badia. Katika miaka ya 1950 serikali ya Misri ilitaka wachezaji wafunike tumbo, wao wakavaa kitambaa cha wavu. Stara ikawa ya kutimiza kanuni tu. Na Tahia Carioca mwenyewe, katika uzee wake, alivaa mavazi meusi ya mwanamke mcha Mungu. Alifariki mwaka 1999. Allah ndiye Mwenye kukubali toba, na sisi si mahakimu wa nyoyo.

Tukilitazama vazi lenyewe kwa utulivu, litatueleza lilitengenezwa kwa ajili ya nani. Vimetameta vina kazi ya kurudisha mwanga wa taa za umeme. Vishada virefu vina kazi ya kukuza mtikisiko ili aliye kiti cha nyuma naye auone. Hakuna hata kimoja kinachohitajika katika chumba cha akina dada wanaofurahi pamoja. Ni vazi la mtazamaji aliyelipa, na uanamke unaooneshwa na vazi hili ni ule aliouagiza mlipaji: kifua, tumbo na nyonga, kila kiungo kimewekewa mpaka wake wa shanga, na mwenye viungo hana la kusema.

HUKUMU YAKE KWA MUHTASARI

Kwanza: kulivaa mbele ya wanaume ajnabi ni haramu, na hilo halina khilafu. Linaingia katika tabarruj iliyokatazwa, na katika onyo la hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) aliyoipokea Muslim juu ya wanawake waliovaa nao wako uchi.

Pili: wanaosema "tumo wanawake watupu" wakumbuke kwamba aura ya mwanamke mbele ya mwanamke Muislamu mwenzake, kwa wanavyuoni walio wengi, ni baina ya kitovu na magoti. Katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba kitovu chenyewe si aura, lakini kilicho chini yake ni aura. Na badla hufungwa kwenye nyonga, chini ya kitovu. Kwa hiyo inafunua aura hata mbele ya wanawake. Juu ya hayo, Imamu an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kwamba kucheza kwenyewe si haramu, isipokuwa kukiwa na kujivunjavunja kama wafanyavyo mukhannathuna. Na leo kuna simu katika kila mkoba. Picha ya ukumbi wa wanawake hufika kwa wanaume kabla pilau halijapoa.

Tatu: baina ya mke na mume hakuna aura, na mke kujipamba kwa mumewe ni jambo jema lenye ujira. Anachovaa mwanamke chumbani kwake kwa ajili ya mumewe ni siri yao wawili. Makala hii asiifanye mtu hoja ya kupeleleza nyumba za watu. Tunachokataza hapo ni kuliita vazi hilo mila ya Kiislamu, na kuitoa siri nje.

Nne: tusifunge mlango alioufungua Mtume (S.A.W.). Alipopelekwa bibi harusi kwa mtu katika Ansari, Mtume alimuuliza Bibi Aisha (R.A.) kama walikuwa na cha kujifurahisha, kwani Ansari walipenda hayo. Imepokewa na Bukhari. Na dufu limethibiti katika harusi. Binti zetu wana haki ya kufurahi na kuvaa vizuri, na tukiwanyima cha halali tusishangae wakienda dukani kukitafuta cha Maud Allan.

KHATIMA

Enyi maimamu na wanafunzi wa elimu, tunapopanda mimbari kulizungumzia vazi hili, tuwe waadilifu. Tusiwasingizie bibi zetu wa Misri na Sham kwa lisilokuwa lao, wala tusimpige mwanamke mgongoni na kumwacha mtazamaji aende zake. Aya ya 30 ya Suratun Nur, inayowaamrisha wanaume kuinamisha macho, imetangulia aya ya 31. Tuisome kwa mpangilio wake.

Na nyinyi mabinti zetu, mkiambiwa kwamba vazi lile ndilo uanamke wa Mashariki, waulizeni wauzaji maana ya neno 'aalima. Kabla halijafika jukwaani lilikuwa darsani, na wenye nalo walikuwa wakitoa ijaza za hadithi. Hiyo ni mirathi yenu, na mlango wake haujafungwa.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atusitiri duniani na Akhera, atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata. Wabillahi tawfiq.